Dada, Nimemaliza!

Wewe ukitajiwa Perth utafikiria bahari ya bluu na barabara zisizo na vumbi. Mimi naliona beseni. Beseni la pinki lenye maji ya povu, na ndani yake zinaelea boksa za kaka yangu wa tumbo moja.

Samahani kama unasoma huku unakunywa chai. Hiyo ndiyo Australia yangu, sina nyingine ya kukusimulia.

Kwa aliyenikosa wiki zilizopita, nitamsimulia kwa kifupi. Mimi ni Filomena, fundi cherehani wa Chanika. Kaka yangu Deogratias anaishi Perth na mkewe Monica na binti yao Kayla. Alinialika nikatembee miezi mitatu.

"Holidei ya kufanya kazi," ndivyo alivyoiita kwenye simu. "Vijana wa Kizungu wote wanafanyaga hivyo, Filo. Unapumzika kidogo, unafanya kazi kidogo, maisha yanasonga."

Miezi mitatu ikazaa mingine mitatu, nayo ikapata wajukuu. Kazi niliiona. Holidei niliiona kwenye picha, kwa sababu kila Jumapili wifi Monica alinivalisha gauni lake, akanipeleka ufukweni, akanipiga picha nikicheka na kuitupia kwenye grupu la familia. Tukirudi nyumbani navua gauni, nashika dekio.

Wiki jana nilieleza nilivyokuja kukijua cheo changu. Kayla alikuwa ananiita "Dada" tangu siku ya kwanza. Nikasema moyoni, mtoto kazaliwa ughaibuni, hajui kwamba dada wa baba ni shangazi. Mpaka siku ile nimesimama nyuma ya mlango na trei ya sambusa, nikamsikia Monica akimwambia rafiki yake, "Mie dada ninaye, shosti. Nimemtoa nyumbani. Tena wa ndugu, hawanaga usumbufu."

Mtu wa Dar hahitaji kufundishwa hapo. Dada yangu ni ndugu. Dada yako ni ndugu yako. Lakini dada mkavu, bila yangu wala yako, ni yule anayedeki, anayepika, anayelala chumba cha stoo, na watoto wa nyumba hawajui jina lake la pili.

Nilirudi Bongo nimefunga mdomo. Mama yangu, Bi Marietha, alikuwa amezitangaza zile picha Kipawa nzima, hadi muuza mkaa alinipokea kwa kuniuliza habari za kangaruu. Ningeanzia wapi kumwambia? Nikajisemea, yameisha.

Yameisha! Jumamosi asubuhi simu ikaita.

"Filo, njoo upesi," mama akasema, anahema kwa furaha. "Kaka yako kaingia jana na familia yake. Njoo utusaidie jikoni."

Nikaenda. Ningekataa ningesema nini?

Mama anakaa Kipawa, kwenye nyumba iliyo chini kabisa ya njia ya ndege. Ndege ikipita, kila mtu ananyamaza katikati ya sentensi, ikishapita anaendelea alipoishia. Binti yangu Jesca alibaki hapo kwa bibi yake nilipokwenda Perth, na niliporudi hakutaka tena kuhamia Chanika. Ana miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha nne, na ndiye mtoto pekee niliye naye. Baba yake alimfuata mwanamke Tunduru, hatumwongelei.

Nilimkuta Deo sebuleni, mguu mmoja juu ya stuli, anakata kucha za miguu. Anakata huku anaongea. Kipande kimoja kiliruka kikatua kwenye sahani ya korosho ambazo mama alimkaangia. Hakukiona. Akachota korosho, akatia mdomoni, akatafuna.

"Shikamoo kaka," nikasema, nikiangalia pembeni.

"Marahaba. Umenenepa! Hebu nipatie maji ya kunywa, ya baridi."

Monica alikuwa anapuliza dawa ya kuua wadudu kwenye kiti cha mama kabla hajakikalia. Akaniona, akaja kunikumbatia kwa ncha za vidole.

"Wifi jamani! Nimekumisi!"

Marashi yale yale. Nilikuwa nayanusa kila siku kwenye kola za blauzi alizokuwa ananirundikia mlangoni. Nikabana pumzi, nikatabasamu. Mama alikuwa anatutazama kwa raha, mkono shavuni, kama anayeangalia harusi.

Ndipo sauti ikatoka chooni.

"Dada! Nimemaliza!"

Sikuamua kitu. Miguu ilinyanyuka yenyewe. Nilikuwa nimeshafika koridoni na kopo la maji mkononi, ndipo nikakisikia kicheko cha mama nyuma yangu.

Kayla ana miaka saba. Mama yake anajisifia kwamba anaogelea na kupiga piano, lakini kujitawaza hajui, maana siku zote kulikuwa na wa kumtawaza. Na safari hii maji ya Dar yalikuwa yamemvuruga tumbo tangu walipofika. Sitakueleza zaidi. Nilifanya, nikanawa hadi kwenye viwiko, nikarudi sebuleni naye.

"Kayla, mjukuu wangu," mama akamwita, amempakata, "huyu siyo dada. Dada wa baba yako unamwitaje? Shangazi. Sema, shangazi."

Mtoto akanitazama, akamtazama bibi yake.

"Hapana, Bibi. Shangazi analeta zawadi. Huyu ni Dada."

Mama akacheka hadi machozi. Monica akacheka kwa haraka zaidi yake.

"Watoto wa kule, mama, utawaweza? Kwao kila mtu dada!"

Deo alirudi kwenye kucha zake.

Tukala. Kuku wa kienyeji, wali, mchuzi mzito, na mimi ndiye niliyepakua, nikawa wa mwisho kukaa. Jesca alikuwa amekaa karibu na Monica, anamkodolea macho kwa mapenzi, anamuuliza kila kitu, bei ya simu, rangi ya nywele, kama kweli kule maji ya bomba yananyweka.

Deo akakohoa. Akafuta mdomo kwa kitambaa cha meza cha mama, kile kilichodariziwa kwa mkono, akakiacha na alama ya njano.

"Nina jambo," akasema. "Sie ni watu wa Masasi. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Jesca ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu."

Dada yako yupi? Nilitaka kumuuliza. Nikachukua mfupa wa kuku, nikatafuna.

"Tumekaa na Monica, tukaona mtoto asikae tu hapa. Aje Perth. Aanze na kutembea, miezi mitatu hivi. Ile holidei ya kufanya kazi, si unaijua, Filo? Mengine yatafuata."

Jesca alipiga ukelele. Akapiga magoti mbele ya mjomba wake, akaishika mikono ile iliyokuwa ikikata kucha, akaibusu. Mama akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

"Na pasipoti tayari!" mama akaniambia, amenishika bega. "Tulikuficha tukushtukize."

Mfupa niliokuwa nautafuna ukageuka uchafu mdomoni. Nikautema kiganjani.

Ndege ikapita. Sote tukanyamaza, kigelegele cha mama kikakatika. Katika kimya kile nilimwona Monica akiuchukua mkono wa Jesca na kuugeuza, akipapasa kiganja kwa kidole gumba. Alinifanyia hivyo hivyo mimi, uwanja wa ndege wa Perth, kabla hata hajaniuliza habari za nyumbani.

Ndege ilipopita akasema, "Mikono ya kazi hii! Safi sana."

Wote wakacheka, na Jesca akacheka kuliko wote.

Nikanyanyuka, nikaokota vyombo. "Mama, njoo mara moja."

Jiko la mama liko uani. Akanifuata anaimba. Nikafunga mlango.

"Mama, Jesca haendi."

Wimbo ukakatika. "Una nini wewe?"

"Haendi."

"Filomena! Umekwenda wewe, umekula raha, leo zamu ya mtoto imefika unabana? Mtoto wako mwenyewe unamwonea wivu?"

"Raha gani, mama?"

Akachomoa simu kifuani, akainyoosha usoni kwangu. "Na huyu ni nani? Kakaa ufukweni na miwani, kaachia meno yote."

"Gauni la Monica. Miwani ya Monica. Tulikaa pale dakika ya picha tu, tukarudi nikadeki."

"Sasa kudeki kwa kaka yako ni msiba? Ulitaka ukae kama malkia?"

"Nilideki sikunung'unika. Nilipika. Nilimtawaza mtoto wao, umeniona leo. Nilikuwa nafua, mama."

"Hata hapa unafua. Na kule si kuna mashine?"

"Mashine ilikuwepo. Wifi alisema inalegeza lastiki."

Mama alikuwa ameshaanza kusugua sahani. Mkono ukasimama.

"Lastiki ya nini?"

Nikachukua kijiko, nikaanza kukisuuza. 

"Filomena. Lastiki ya nini?"

"Ya chupi zake."

Akaguna.

"Na ya boksa za Deo."

Nikuambie kitu kuhusu nyumba tuliyokulia. Mimi nilipoanza kuota matiti, mama alitutengea mabeseni, langu na la Deo. Deo alifundishwa kwa fimbo kufua nguo zake za ndani. Na zikianikwa, zinaanikwa chini ya kanga, nisizione hata kwenye kamba. Siku moja aliisahau moja bafuni, nami nikaiokota kwa nia njema nikaisuuza. Mama aliitia kwenye moto wa mkaa, akamlaza Deo bila kula. Kwetu hilo halikuwa suala la usafi. Ni kwamba kuna mambo ya mwili wa kaka ambayo dada yake hayashiki, na akiyashika kaka ndiye anayeoza.

Mama alitema mate kwenye mfereji wa maji machafu.

"Deo? Mwanangu Deo? Na alikuwa anajua?"

"Alikuwa anazitupa mwenyewe kwenye beseni, mama. Mara nyingine nimeinama hapo hapo, nafua."

Mama akaweka sahani chini. Akainusa mikono yake mwenyewe, sijui kwa nini, akaifuta kwenye kanga mara mbili tatu. Kisha akaikaza kanga kiunoni, akafungua mlango.

Nikamfuata. Kwa mara ya kwanza tangu niipande ile ndege ya kwenda, niliona kuna mtu upande wangu. Nikasema, leo itajulikana, na mwanangu kapona.

Mama alisimama katikati ya sebule.

"Deo."

"Naam, mama."

"Kule kwako, nguo zako za ndani nani alikuwa anakufulia?"

Jesca aliyekuwa anacheka akaacha. Deo akamtazama mkewe. Monica akapiga kicheko kidogo cha puani.

"Jamani mama, mambo gani hayo mbele ya watoto?"

"Sijakuuliza wewe, mkwe wangu. Nimemuuliza niliyemzaa."

"Mama, unajua kule maisha ni ya kusaidiana..."

"Nani?"

Ndege ikapita. Kubwa, ya nje, ile inayotikisa hadi vikombe kabatini. Tukaingoja. Mama hakumwondolea macho mwanawe, na mwanawe hakuondoa macho kwenye sahani ya korosho. Laiti ndege ile isingepita! Alikuwa ameshabanwa. Ndege ikampa muda, nikamwona kabisa anaupanga uongo kichwani, na mkono wake unachota korosho.

"Filo alikuwa anapenda mwenyewe," akasema, anatafuna. "Tulimwambia aache, akang'ang'ania. Ndiyo tabia yake, anajipa kazi ili aonekane. Muulize wifi yake."

"Kweli mama," Monica akadakia. "Mie mpaka nilikuwa naona aibu."

Sikumchukia Deo pale. Ningemchukia, ningekuwa bado namhesabu kuwa mtu. Nilimwonea kinyaa. Kinyaa cha ngozi, kile cha kukanyaga kitu laini gizani pekupeku. Yale meno yanayosaga, ule mguu wa stuli, ile sauti ya upole aliyokuwa anaitumia kunizulia. Nilitamani nikanawe mwili mzima, na hakunigusa.

Mama akanigeukia. "Filo?"

Lilikuwa swali. Mama yangu, aliyetoka jikoni amekaza kanga, alikuwa ananiuliza. Alitaka niseme ndiyo, nilipenda mwenyewe, ili amrudishe mwanawe mahali pake, na kuku wake asiwe ameliwa bure.

Nikafungua mdomo. Jesca akaniwahi.

"Hata kama!" akasema, amesimama, machozi yanamlenga. "Mama, we umeshaenda, umeshaona, umerudi. Mie je? Nikae Chanika nikutungie uzi kwenye sindano?"

"Jesca, mwanangu, hujui unachoongea."

"Najua. Bibi, mie nitafua. Nguo si nguo tu? Nitafua za anti, nitafua za mjomba, kwani zitaniuma? Ila niende."

Mama akakaa. Akakaa kwenye kile kile kiti kilichopuliziwa dawa, mdomo wazi.  Kwenye beseni lile alilotutengea utotoni, mjukuu wake alikuwa anajitumbukiza mwenyewe mbele ya macho yake, anaomba na ruhusa.

"Umeona mtoto mwenye akili?" Monica akasema, anampapasa Jesca mgongoni. "Huyu hatasumbua."

Hawanaga usumbufu. Nilimsikia tena, yule wa nyuma ya mlango.

Kayla alikuwa anachezea simu chini ya meza. Kelele zimemchosha. Akachomoza kichwa, akamkagua Jesca taratibu, toka nywele hadi miguu, jicho la mama yake tupu.

"Mami," akauliza, "ndiye dada mpya?"

Msomaji, hapo ndipo nilipoona shimo lilipochimbwa. Mimi nilikuwa shangazi, na ndiyo maana jina lile lilinikaa upande, hata mama alilishtukia. Lakini Jesca ni mtoto wa shangazi yake Kayla, tena amemzidi umri. Amwiteje kama si dada? Ni dada kweli! Wamwite hivyo miaka kumi, wamlaze stoo, wamtupie wanachotaka mlangoni, hakuna ndugu hata mmoja atakayesikia kitu.

Monica akaendelea kumpapasa Jesca.  Mama alitabasamu, tabasamu dogo la mtu aliyepata pa kushika.

"Hapo sasa umepatia, mjukuu wangu," akasema. "Huyu ndiye dada."

"Mama, umesikia alivyosema? Kasema *mpya*!" nikapaza sauti. "Mpya! Ndugu anakuwaje mpya?"

"Filo, basi," Deo akasema. "Usituharibie siku."

"Basi, mwanangu," mama naye akasema, hanitazami. "Mtoto huyu. Anajua nini mtoto?"

Kayla akashika tumbo, akakimbia koridoni. Mlango wa choo ukajibamiza. Sebuleni hakuna aliyeongea, na hapakuwa na ndege ya kusingizia. Deo akachota korosho ya mwisho pamoja na kile kipande chake cha ukucha. Nilimwona akikisaga, akameza.

"Dada! Nimemaliza!"

Tukanyanyuka wawili.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango, lakini Jesca ana miguu ya miaka kumi na saba. Nilipofika koridoni alikuwa ameshachota maji kwa kopo. Nikalishika upande wa pili. Maji yakamwagikia miguu yetu sote, mimi na yeye, wala hakuliachia.

"Jesca, lete hilo kopo."

"Dadaaa!"

Mwanangu akanitazama usoni. Alikuwa anatabasamu, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni taratibu za nyumba.

"Achia, mama," akasema. "Naitwa mimi."